Ukurasa wa Mgeni Rasmi

Mimi, Profesa Tumpe Mwaijande, ndiye mtafiti anayenukuliwa kuliko watafiti wote wa nchi yetu, na naomba mnipongeze kabla hatujaendelea. Msione haya. Wenzenu walishanipongeza kwa maturubai, kwa tarumbeta na kwa keki yenye picha yangu, ambayo Mheshimiwa Waziri aliikata katikati ya pua. Sasa nimelala wodini, mguu umefungwa banzi, na pongezi bado zinaingia. Leo asubuhi nimenukuliwa tena. Sijui na nani wala kuhusu nini, ila nimeambiwa nifurahi, na nimefurahi.

Mtaniuliza nchi gani. Nchi ile ile, msijifanye hamuijui. Ina bendera, ina wimbo, ina barabara iliyozinduliwa mara nne na bado haijafika popote. Wimbo wenyewe unasema sisi ni taifa tulivu lisilolia. Mtoto wa shule akianguka mchezoni akachubuka goti, mwalimu humwimbisha ubeti wa kwanza ndipo amtafutie maji ya chumvi. Mwanamke akijifungua bila kutoa sauti, mwenyekiti wa mtaa humletea cheti mumewe. Ndiyo, mumewe. Yeye ndiye aliyekuwa nje akisubiri kwa utulivu.

Kazi yangu ni maumivu. Wengine wamesomea madaraja, wengine wamesomea ng'ombe, mimi nimesomea maumivu: yanaingilia wapi mwilini, yanapita mshipa gani wa fahamu, yanafikaje kwenye ubongo na yakifika yanafanya nini huko. Marehemu mama yangu alipoulizwa na majirani binti yake anafundisha nini chuo kikuu, alikuwa akijibu, "Hesabu," ili kuepusha maneno. Sikumlaumu. Katika taifa lisilolia, mtu aliyesomea maumivu huonewa huruma na kupewa ofisi karibu na choo.

* * *

Utafiti ulionipa umaarufu niliufanya katika hospitali hii hii, wodi hii hii ya majeraha ya moto. Siku hizo utaratibu ulikuwa rahisi. Dawa ya maumivu alipewa anayelia. Kwa kuwa hakuna aliyelia, chupa zilikaa kabatini hadi muda wake wa matumizi ukapita, kisha zilichomwa nyuma ya chumba cha maiti na kiongozi mmoja akatoa hotuba ya kulishukuru taifa kwa kubana matumizi.

Mimi nikajiuliza swali la kijinga. Je, hawa watu waliokaa kimya hawaumii, au wanaumia kimya?

Nikatengeneza mashine. Ilikuwa na kibamba cha chuma kinachopata moto kidogo kidogo, usiozidi kiasi, na nyaya za kupima jasho la kiganja, mapigo ya moyo na mboni ya jicho. Sindano ilichora mstari kwenye karatasi. Nilihitaji mtu wa kwanza kuweka mkono pale, na wanafunzi wangu wote wakakumbuka kwamba wana misiba. Akabaki Erasto.

Erasto Ligunda alikuwa kijana aliyefika chuoni na kiatu kilichofungwa kwa waya. Alikula kwangu, alilala kwangu chuo kilipofungwa, na suti ya mahafali nilimshonea mimi. Akaweka mkono kwenye kibamba. Uso wake ulikuwa umetulia tuli, utadhani yuko kwa kinyozi anasubiri zamu yake. Sindano ikaruka hadi ukingoni mwa karatasi.

"Inauma?" nikamuuliza.

"Haiumi, Mama."

"Erasto, hebu tazama karatasi."

Akatazama. Alitazama muda mrefu ule mstari uliopanda kwa fujo, mstari wake mwenyewe, kisha akalaza kichwa mezani akalia. Alilia kwa sauti, mtu mzima, na mimi sikuwahi kuona mwanamume akilia, nikabaki nimeshika kitenge changu sijui nimpe au nijifunike. Nikampa. Kuanzia siku ile hakuniita Mama kwa adabu tu. Aliniita kwa kumaanisha.

Tukaingia wodini. Tukapima wagonjwa, akiwamo Mama Nyamizi, muuza sambusa wa soko kuu ambaye karai la mafuta lilimpindukia kifuani na mikononi. Uso wa Mama Nyamizi wakati wa kubadilishwa bandeji ulikuwa wa mtu anayesubiri basi. Mstari wake ulitoka nje ya karatasi ukachora meza. Ikawa hivyo kitanda kwa kitanda. Wasiolia waliumia sawasawa na wageni wachache waliokuwa wakipiga yowe wodi ya pili, na zaidi ya hapo, maumivu yao yalichelewa kuondoka.

Nikaandika makala. Niliiita "Maumivu ya Wasiolia". Ilikuwa na kurasa kumi na mbili, na sentensi yake ya mwisho ilikuwa fupi: wapewe dawa.

* * *

Hapa inabidi niwaeleze jambo ambalo kwa mwenyeji halihitaji maelezo. Katika nchi yetu hakuna shughuli inayoanza bila mgeni rasmi. Harusi ina mgeni rasmi, mahafali ya chekechea yana mgeni rasmi, uzinduzi wa kisima una mgeni rasmi na huyo mgeni rasmi ana mgeni wake. Baraza la Utafiti likaona ni aibu makala za kisayansi ziwe zinaanza kienyeji enyeji, kila mtu anajianzia tu. Likaamuru kila makala iwe na mgeni rasmi atakayeifungua kwa ukurasa mmoja wa nasaha.

Mimi nikapangiwa Waziri wa Afya na Utulivu, Mheshimiwa Bartazari Nungu. Nilishukuru. Wenzangu walikuwa wamepangiwa wakuu wa wilaya.

Ukurasa wake ninao kichwani, na kwa jinsi ulivyonitesa sitausahau. "Ndugu wasomaji," aliandika Mheshimiwa, "itifaki imezingatiwa. Nimefarijika sana kualikwa katika makala hii nzuri, iliyopangwa vizuri na yenye mistari iliyonyooka. Napenda kutumia fursa hii adhimu kusema, na nasema tena kwa msisitizo, kwamba wananchi wetu hawaumii. Hawajawahi kuumia, hawaumii, na Serikali inaendelea na mchakato wa kuhakikisha hawataumia. Baada ya kusema hayo, sasa natamka rasmi kwamba makala hii imefunguliwa."

Basi, nikajisemea, ndiyo mambo ya wageni rasmi. Atasema yake, kisha wasomaji wataingia kwenye vipimo.

Nilisahau kwamba nami ni mwenyeji wa nchi hii. Mnajua wenyewe inavyokuwa. Mgeni rasmi akimaliza hotuba akainuka, ukumbi wote unainuka. Viti vinakunjwa, spika zinachomolewa, na kama wewe ulikuwa kwenye ratiba uongee baada yake, utaongea na wapishi. Kubaki ndani wakati gari la mheshimiwa limeshaondoka ni utovu wa adabu. Na ndivyo wasomaji wetu walivyofanya. Wahariri, maprofesa, wakuu wa vitivo, wote walisoma ukurasa wa mgeni rasmi hadi nukta ya mwisho, wakainuka kwa heshima, wakafunga makala. Kurasa zangu kumi na mbili zikabaki peke yake ukumbini.

Ndipo nikaanza kunukuliwa.

Nilinukuliwa na mtaalamu wa kilimo aliyekuwa akitetea majembe yasiyo na mipini: wananchi wetu hawaumii (Mwaijande). Nilinukuliwa na mhandisi wa ile barabara, sehemu ya mashimo. Nikanukuliwa na daktari wa meno, ambaye baada ya kuninukuu aliuza ganzi yote akanunua jenereta. Jina lilikuwa langu kwa sababu mgeni hawajibiki na shughuli, anayewajibika ni mwenye shughuli. Maneno ya Waziri, jina la Mwaijande. Kila asubuhi Makamu Mkuu wa Chuo alinisimamisha koridoni kunisomea nilikofikia. Elfu mbili. Elfu tano. Siku tuliyovuka elfu tisa alinikumbatia, na ofisi yangu ikahamishwa kutoka karibu na choo hadi karibu na ngazi.

Nikamwambia, "Makamu, hawa hawajanisoma."

"Profesa," akasema kwa upole, "wakikusoma watapata wapi muda wa kukunukuu?"

* * *

Ningevumilia. Nakwambia kweli, ningejikaza kisabuni nikazoea, kama majembe yangebaki majembe. Lakini Mheshimiwa Nungu naye alisikia habari za elfu tisa, akaona huo ni wingi wa kuendeshea nchi. Akaunda kamati ya kuandaa Mwongozo wa Utulivu Wodini. Rasimu ilisema hivi: kwa kuwa imethibitishwa kisayansi (Mwaijande) kwamba wananchi hawaumii, dawa zote za maumivu ziondolewe wodini na zipelekwe Dirisha la Wageni, zitumiwe na watu wa nje ambao miili yao haijapata malezi bora. Na mtu yeyote atakayelia wodini, basi kwa ushahidi huohuo, atahesabiwa ni mgeni.

Nikamfikiria Mama Nyamizi. Baada ya utafiti wetu muuguzi wa wodi, Sista Wande, alikuwa ameanza kumpa dawa kimya kimya kabla ya bandeji, bila kumwambia mtu. Ilikuwa mara ya kwanza yule mama kulala usingizi wa kweli. Sasa dawa ile ilikuwa inakwenda kufungiwa, na ufunguo wenyewe ni jina langu.

Kamati ilihitaji mtaalamu. Nikampendekeza Erasto, ambaye alikuwa ameshakuwa Daktari Ligunda. Nilimpika wali kwa nazi siku ile, nikamkalisha.

"Mwanangu," nikamwambia, "nchi nzima ni wewe tu uliyenisoma hadi mwisho. Wakikuuliza, waambie kilichoandikwa. Sitaki zaidi ya hapo."

"Mama, hilo nalo ni la kuniomba?" akasema, na akaongeza wali.

Siku ya kikao ukumbi ulijaa. Mheshimiwa Nungu alisoma rasimu, akauliza kama kuna maoni, kwa ile sauti ya mtu anayeuliza kama kuna mwenye bunduki. Nikanyoosha mkono.

"Mheshimiwa, makala yangu inaendelea baada ya ukurasa wako."

Mheshimiwa alinitazama kwa uchungu wa kweli. Alikuwa na uso wa mtu aliyeambiwa kwamba siku ile alipoondoka harusini, ngoma iliendelea kupigwa na watu wakafurahi zaidi.

"Inaendelea?" akauliza. "Mimi nikiwa nimeshaondoka?"

"Inaendelea, Mheshimiwa. Na inasema kinyume."

"Nani mwingine humu ndani amekaa hadi huko?"

Watu wakaanza kuchunguza viatu vyao. Hakuna aliyetaka kuonekana alibaki ukumbini. Nikamtazama Erasto, na Mheshimiwa akafuata macho yangu.

"Daktari Ligunda. Nasikia wewe umesoma. Huko mbele kuna nini?"

Erasto akasimama. Alifunga kifungo cha suti, ile suti niliyomshonea. Nilikuwa natabasamu, Mungu anaona, nilikuwa nimeshaanza kutabasamu.

"Mheshimiwa," akasema, "huko mbele kuna vipimo tu."

Akakaa.

Kulikuwa na kicheko kidogo cha nafuu, kisha makofi, kisha Mheshimiwa akapitisha mwongozo na kuondoka, na ukumbi ukaondoka naye. Mimi nilibaki kwenye kiti hadi kijana wa viti akaniomba akinyanyue. Iliniuma. Nasema wazi, kwa sababu ndiyo fani yangu: iliniuma hapa, chini ya titi la kushoto, na ikashuka tumboni ikakaa huko. Nimeshakosewa na wakubwa mara nyingi na sikuwahi kukosa usingizi. Lakini huyu alikuwa wangu. Huyu alilia mezani kwangu.

Nilimkuta nje, akifunguliwa mlango wa gari. Alikuwa ameshateuliwa Mkurugenzi wa Utulivu Wodini, uteuzi ulikuwa mfukoni mwa Mheshimiwa tangu asubuhi ukisubiri jibu.

"Erasto, mkono wako," nikamwambia.

Akauingiza mkono mfukoni.

"Mama, usiende kwa hasira. Watakunukuu zaidi sasa. Mwongozo unasomwa wilaya zote. Si ndicho kila mtafiti anachotaka?"

"Niliyoyaandika ndiyo nilitaka yanukuliwe."

"Jina linatosha, Mama," akasema, na kwa sauti ya huruma kabisa. "Hayo mengine yatafuata."

* * *

Dawa ziliondolewa wodini kwa gwaride. Nilikwenda kumwona Mama Nyamizi, nikakuta ameng'ata pindo la kanga wakati Sista Wande anambandua bandeji. Hakutoa sauti. Alipoachiwa alifuta jasho, akaniamkia vizuri, akaniuliza habari za nyumbani. Sista Wande alinitazama tu, na tangu siku ile hakuniita tena Mama Tumpe. Aliniita Mwaijande, kama lilivyo kwenye mwongozo.

Wiki hiyo hiyo nikatangaziwa tuzo.

Tuzo yenyewe ni Sanamu la Mtulivu, jiwe tupu la matale, kichwa cha mtu aliyekaza midomo, kikubwa kama mtungi. Kwa kawaida hubebwa na askari wawili. Lakini siku yangu Mheshimiwa Nungu alisema mtafiti wa kiwango hiki lazima apokee kutoka mkononi mwa Waziri, na akawafukuza askari jukwaani. Akahutubia. Alisema mimi nimeipandisha nchi, kwamba mataifa makubwa yanajiuliza huyu Mwaijande ni nani. Alisema sayansi ni daraja, ni taa, ni ngazi, ni jembe, na akawa anaendelea kuitafutia sayansi kazi huku amelikumbatia lile jiwe na jasho linamtiririka. Alipofika kwenye "sayansi ni ngao", jiwe likamponyoka likatua juu ya mguu wangu wa kulia.

Nilisikia mifupa. Mimi niliyesomea njia nzima ya maumivu kutoka kidole cha mguu hadi utosini, niliyasikia yakipanda kituo kwa kituo, nikayatambua yote kwa majina. Na unajua nilifanya nini? Nilinyamaza. Nilikaza midomo sawasawa na lile sanamu. Nimelelewa nchi hii hii, ule ubeti wa kwanza nimeimbishwa goti likitoka damu kama nyinyi wote.

Ukumbi ukalipuka kwa makofi.

"Mmeona wenyewe?" Mheshimiwa akawaambia. "Hata mwandishi mwenyewe."

Akafunga hafla, akaondoka. Nyuma yake waliondoka wageni, bendi, wapiga picha na gari la wagonjwa, ambalo lilikuwa kwenye msafara wake. Nilibaki jukwaani nimekaa na jiwe mguuni, maana ratiba ilikuwa imekwisha. Vijana wa maturubai ndio walionitoa. Walinipakia kwenye mkokoteni juu ya viti vilivyokunjwa wakanisukuma hadi hospitali, na njiani mmoja akaniomba nimsainie fulana.

* * *

Nikalazwa hapa, wodi ya moto, kwa kuwa wodi ya mifupa inapakwa rangi kumsubiri mgeni rasmi. Kitanda cha jirani ni Mama Nyamizi.

"Sista," nikamwambia Wande, "naomba dawa ya maumivu."

"Wananchi wetu hawaumii," akajibu bila kuinua macho. "Mwaijande."

"Mwaijande ni mimi, Sista."

"Ndiyo maana nashangaa unauliza."

Sikumkasirikia. Alikuwa na haki. Nikalala nikitazama dari, mguu unapiga kama mtu anayegonga mlango, na nikafikiri: mtaalamu wa maumivu ni nani humu ndani kama si mimi? Mstari ulishatoka nje ya karatasi. Nikafumbua mdomo nikalia.

Sikulia kidogo. Nililia kwa sauti nisiyoijua, ya mguu na ya Erasto kwa pamoja, na ile ya Erasto ndiyo ilikuwa kubwa. Wodi nzima ikageuka. Mama Nyamizi akajifunika kanga kwa aibu, kisha akafunua jicho moja.

"Profesa," akanong'ona, "hivi hiyo inaruhusiwa?"

"Sijui, Mama Nyamizi. Wewe jaribu."

Akajaribu. Ya kwanza ilitoka kama kikohozi. Ya pili ikawa yenyewe, ndefu, na ndani yake niliisikia miezi yote ya bandeji. Kitanda cha tatu kikadakia, na cha nne, na yule mzee wa kona ambaye tulidhani ni bubu. Walilia hadi madirisha yakatikisika, na Sista Wande akasimama katikati ya wodi na sinia lake, machozi yanamtoka, akijifanya anahesabu bandeji.

Serikali ilifika kabla hatujamaliza. Erasto aliingia na karani mwenye muhuri, kwa sababu mwongozo ni mwongozo, na yeye ndiye anayeusimamia. Anayelia wodini ni mgeni. Wakapita kitanda hadi kitanda.

"Umelia?"

"Nimelia."

Muhuri: mgeni. Mama Nyamizi, aliyezaliwa nyuma ya soko kuu na hajawahi kuvuka hata daraja la mto, akagongwa muhuri wa mgeni, na Sista Wande akatoka mbio hadi Dirisha la Wageni akarudi na chupa. Mama Nyamizi akanywa. Baada ya muda mabega yake yakashuka. Wote wakanywa, na kwa mara ya kwanza tangu dawa ziondolewe niliona watu wa wodi hii wakilala midomo wazi. Ndicho nilichoandika kwenye ukurasa wa kumi na mbili. Nilisema wapewe dawa, na wakapewa. Nilifurahi sana, na hili nalisema bila kejeli.

Wakafika kwangu. Karani akainua muhuri.

"Subiri," Erasto akasema. Akamvuta pembeni, lakini wodi ilikuwa kimya na nilisikia kila neno. "Huyu akiwa mgeni, nukuu zake zote zinahamia nchi za nje. Mheshimiwa atasema nini?"

Karani akashusha muhuri haraka.

"Erasto," nikasema, "nimelia. Wodi nzima shahidi."

"Hukulia, Mama. Uliimba." Alikuwa anaongea na banzi la mguu wangu, hakunitazama. "Ulikuwa unaimba wimbo wa taifa, ubeti wa pili."

"Ubeti wa pili hakuna anayeujua."

"Ndiyo maana wengine walishtuka."

Nikamwita karibu. Akaja, akainama, na alikuwa na harufu ya sabuni ile ile aliyokuwa akitumia kwangu. Nikamuuliza polepole, "Siku ile kwenye mashine. Mkono wako uliuma?"

"Uliuma, Mama."

"Sana?"

"Sana. Nikikumbuka unauma hadi leo."

"Basi andika hivyo kuhusu huu mguu. Huna haja ya kunitetea. Andika tu ulichokiona."

Macho yake yalijaa, na kwa muda nikaamini. Mjinga mimi, hata pale niliamini. Akajinyoosha, akafunga kifungo cha suti, akamgeukia karani.

"Andika ametulia."

Kisha akanitandikia shuka vizuri hadi kifuani, kama alivyokuwa akinitandikia nilipougua malaria zamani zile, akaondoka.

Kwa hiyo mimi ndiye raia pekee katika wodi hii. Wagonjwa wenzangu wananionea huruma. Jana Mama Nyamizi alitaka kunigawia dawa yake kidogo, Sista Wande akamzuia kwa masikitiko, kwamba dawa ya wageni hainywewi na mwananchi, tutafungwa sote wawili. "Pole sana, mwenyeji," Mama Nyamizi akaniambia. Nasikia Erasto ameshachapisha makala kuhusu mimi, mwanamke aliyevunjika mguu akaimba. Sasa ndiyo nimeambiwa kwamba ile nukuu ya leo asubuhi ilitoka humo. Mgeni rasmi wake ni Mheshimiwa mwenyewe.

Na mimi nimeandika hii. Mtakuwa mmegundua kwamba haina ukurasa wa mgeni rasmi. Baraza lilinikumbusha, nikawaambia yuko njiani, nikaanza bila yeye kienyeji enyeji, kwa sababu nilijua nikimweka mbele mtaondoka naye. Kama umefika hapa, nakushukuru kwa kubaki ukumbini. Wewe ni mtu wa pili kunisoma hadi mwisho.

Wa kwanza alikuwa Erasto.